Kinga ya Kwanza ni Umbali

Niko Mkokotoni kwenye mazoezi ya kufundisha, Fizikia Kidato cha Pili, na wiki hii tumefika kwenye kanieneo. Mifano ya kitabuni ni ile ile, kisu na msumari. Mie nikaongeza wa kwangu: jengo linapopigwa na mripuko. Mkinicheka shauri yenu.

Kwa ufupi ni hivi. Bomu likiripuka, hewa inasukumwa ghafla na kwenda kama wimbi. Linavunja vioo, linabomoa kuta, na likikata nguzo ya chini, ghorofa za juu zinaweza kushuka zote. Ndiyo maana wahandisi hufunga nondo za nguzo na mihimili zishikane, ili nguzo moja ikiondoka nyengine zibebe mzigo. Vioo navyo huwekewa utando wa plastiki katikati, vikipasuka visiruke. Lakini kinga kubwa ni nafasi: ukiongeza umbali mara mbili, kanieneo ya wimbi hupungua zaidi ya nusu.

Nikawapa kisa cha Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Mimi na wao wote tulikuwa hatujazaliwa. Ubalozi wa Marekani ulikuwa katikati ya mji, karibu kabisa na barabara. Kwanza ulisikika mshindo mdogo wa guruneti, watu wa maofisi ya jirani wakaenda madirishani kuchungulia. Hapo ndipo bomu la kwenye gari likaripuka. Wengi waliumizwa macho na vioo, wengine wakapofuka. Ubalozi uliharibika vibaya lakini ulibaki umesimama. Lililoporomoka ni Ufundi House, jengo la pembeni, ambamo kulikuwa na chuo cha uhazili. Wanafunzi kama sisi jamani! Walikufa watu 213, Wamarekani wakiwa 12.

Mtoto mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, sasa wale wa jengo la pili walikosa nini?"

Darasa likanyamaza. Nikamjibu, hawakukosa kitu, walikuwa karibu tu.

Asubuhi hiyo hiyo Dar es Salaam nako ubalozi wa Marekani ulipigwa, wakafa watu 11. Kule gari la bomu lilizuiwa getini na lori la maji, tena ubalozi haukuwa katikati ya mji uliobanana. Mwaka 2003 balozi zote mbili zilihamia kwenye viwanja vipana, Gigiri na Msasani.

Sawa, mwenye uwezo atahama. Mimi nawafikiria majirani. Maghala ya silaha ya jeshi yaliripuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na kila tukio liliua watu wasiopungua 20. Nyumba ya matofali ya mtu wa kawaida haiwezi kujengwa kama ngome. Kwake yeye umbali ndio ukuta, na umbali haupangi fundi, anaupanga anayegawa viwanja. Jengo imara linalomwacha jirani afe, kwangu mimi halijakamilika.

Mwisho niliwaandikisha mstari mmoja usio na kanuni: ukisikia mshindo usiende dirishani, lala chini mbali na vioo. Kwenye mtihani hautatoka. Ila wakisahau yote niliyowafundisha, huo wausahau mwisho.