Kati ya Magharibi na Isha

Duka lililokuwa njiani kuelekea diko la Moa, hapa pwani ya Tanga, limevunjwa, na baraza lake limekwenda nalo. Mwenyewe alikwishatangulia mbele ya haki. Warithi wanataka fremu za kisasa, na mali ni yao. Kilichonichoma ni swali la mpwa wangu tulipopita kwenye kifusi: "Mjomba, kabla ya simu, jioni mlikuwa mnafanya nini?" Aliuliza kwa huruma, kama mtu anayemuuliza mfungwa.

Duka lilifunguliwa lini? Dada yangu anashikilia 1971. Jirani anasema ni kabla ya hapo, kwa kuwa alitumwa chumvi pale kabla hajaanza chuo cha Kurani. Basi na iwe hivyo. Ninalolikumbuka mimi ni duka la mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, rafu nusu tupu, kila mtu akijua sabuni ilivuka kutoka Vanga, upande wa Kenya, kwa mashua na hakuna aliyelitamka hilo.

Hata tupu, duka lilinukia. Papa mkavu kwanza, kisha mafuta ya taa, kisha ukili wa akina mama waliomngoja mnunuzi wa mikeka. Chini ya zote ilikuwapo sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa mashua, maana mafundi waliacha makopo yao pembeni, nyuma ya mlango. Harufu hiyo ilifika mpaka kwenye sukari. Mama alilalamika, na kesho yake akanituma tena.

Mwenye duka alikuwa na redio kubwa, na betri zikilegea alizianika juani. Ililia mchana kutwa: salamu, dansi, mpira. Wanaosimulia Moa ya zamani kana kwamba ilikuwa kimya hawakuishi hapa. Watoto wa chuo walipaza sauti, mafundi waligonga kalafati, wachuuzi walishindana bei dikoni.

Adhana ya Magharibi ikisikika, mwenye duka aliizima redio. Akitoka kuswali alikaa barazani, na hakuuza kitu mpaka Isha. Aliyetaka kibiriti alingoja. Mwenye uradi alivuta uradi wake. Wavuvi waliulizana kama kusi imetulia, na bamvua ikikaribia mtu alisema kesho wanawake watashuka kuchokoa pweza. Aliyetaka kunyamaza alinyamaza, wala hakuulizwa ana nini.

Tena deni halikudaiwa saa ile. Baba alikuwa na deni pale, na mchana alizunguka nyuma ya nyumba ili asipite dukani. Lakini jua likizama alikwenda kuketi ubavuni mwa yule yule anayemdai, mabega yakigusana. Nilimwona uso wake ukilegea. Hakuna aliyekuwa amemsamehe shilingi. Alikuwa amepewa nafasi ya kupumua, na alijua kesho jioni ataipata tena. Wakisharudi kutoka Isha, redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari ya saa mbili, na dunia na madeni yake vikarudi.

Kelele ya kwanza iliyotuvuruga kweli ilikuwa baruti ya kuvulia samaki. Mlipuko mmoja huko mwambani, na barazani mazungumzo yalikatika. Watu walianza kudhaniana. Programu ya hifadhi ya pwani ya Tanga ilipoanza mwaka 1994, doria zilipunguza milio ile kwa miaka kadhaa, kisha ikarudi. Baadaye zikaja televisheni, minara ya simu, lami ya Tanga mpaka Horohoro, bodaboda, na sasa spika za matangazo zinazonguruma hadi usiku. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015. Zifuatwe! Mgonjwa anahitaji kulala, na mtoto anahitaji kusoma.

Lakini spika zikinyamaza zote, bado mpwa wangu analala na simu chini ya mto. Nilipomwambia aizime, alijibu kwamba akizima peke yake moyo ndio unamwenda mbio, kwa kuwa wenzake wanaendelea kuzungumza. Nimelifikiria sana jibu hilo, na naona ana haki. Tunawaambia vijana watafute utulivu kila mtu chumbani kwake, ilhali sisi hatukuutafuta hivyo. Tulikuta saa imekwishatengwa, mtu mzima mmoja akiisimamia hata kwa hasara ya biashara yake, na wote tukizima pamoja. Baba asingeipata nafuu ile peke yake kitandani.

Nimewaomba warithi waache futi chache mbele ya fremu tujenge baraza la saruji. Wanasema nafasi hiyo ni kodi. Nitawarudia, safari hii na wazee wa msikiti, nami nimejitolea kununua saruji. Wakikubali, tuafikiane hapo hapo: kati ya Magharibi na Isha simu zizimwe, na asidaiwe mtu.