Kisa cha nafasi tupu

Najua nimepotea. Juzi Mama kaniuliza kwenye simu, "Mwanangu, tulikusomesha uuguzi, hizo kompyuta za nini tena?" Jibu ni refu kuliko vocha, kwa hiyo naliandika hapa, dada atamsomea.

Ni hivi. Hospitali yetu hapa Uingereza inaweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye hifadhidata ya Oracle, lidude kubwa la miaka mingi ambalo haliguswi ovyo. Wodi ikataka ukurasa mdogo wa kupokelea wagonjwa: jina, kitanda, mzio. Jamaa mmoja wa kitengo cha kompyuta akaujenga kwa Django, nami nikaazimwa siku 1 kwa wiki kumsaidia, maana nilishajifunza Python kidogo kidogo baada ya zamu za usiku.

Kuwaunganisha hao wawili wala si maajabu. Fikirieni masjala ya hospitali. Django ni muuguzi, Oracle ndiyo masjala, na katikati yupo karani anayejua lugha ya pande zote. Zamani aliitwa cx_Oracle, tangu 2022 anaitwa oracledb. Kwenye mipangilio unaandika jina la seva, poti (mara nyingi 1521), jina la mtumiaji na neno la siri, basi. Majedwali ya zamani unayawekea managed = False ili Django isibadili muundo wake. Ila usipoiambia vingine, Django hufungua muunganisho mpya kwa kila ombi, yaani karani anabisha hodi, anaonyesha kitambulisho, anachukua faili, anatoka, halafu anarudi kubisha tena! Tulipoweka CONN_MAX_AGE akawa anakaa ndani kidogo, ukurasa ukaacha kusuasua.

Sasa siku ya majaribio nikaingiza wagonjwa 2 wa kubuni. Wa kwanza kaulizwa, hana mzio, nikaacha wazi. Wa pili kaletwa hana fahamu, hakuna aliyemuuliza. Kwenye skrini wakatoka sawasawa, patupu! Kumbe Oracle ikipewa maandishi yasiyo na herufi hata moja huyahesabu kuwa NULL, yaani hakuna taarifa, na Django ikisoma hurudisha yote kama tupu. Jamaa akasema, "Si tupu tu? Kuna tofauti gani?"

Nikamsimulia habari za Bibi. Mnakumbuka alivyovimba uso na kukosa pumzi baada ya ile sindano ya penisilini? Kadi yake palikuwa patupu, na aliyemchoma alisoma "hana". Jamaa akanyamaza.

Tukaomba jedwali letu dogo pembeni (ruhusa yenyewe ilichukua wiki 3, msiniulize), lenye majibu matatu: hajaulizwa, hana, anao. Hakuna kuacha wazi. Rekodi zote za zamani zilizokuwa tupu tukaziita HAJAULIZWA, kwa herufi nyekundu. Wenzangu wodini wamenuna, maana sasa inabidi waulize upya watu waliolala hapa mara kumi. Mmoja kaniita "mama mwekundu". Poa tu.

Dada, ukimaliza kumsomea Mama, muulize ana mzio gani uandike kwenye daftari lake la kliniki. Miaka yote hii mimi sijawahi kumuuliza.