Kiti na Tangi

Pikapu ilizaliwa kuwa mtumishi wa shamba. Mwaka 1925, kampuni ya Ford ilipoanza kuuza ya kwake iliyoundwa tayari kiwandani, dereva hakutazamia zaidi ya mahali pa kuketi na usukani wa kushika. Leo, huko Marekani, mtumishi huyo amejengewa sebule. Ford F-150 ya mwaka 2021 ilitolewa na viti vya mbele viwezavyo kulazwa karibu sawa na kitanda. Ram 1500 ya milango minne humpa abiria wa nyuma inchi 45.2 za kunyoosha miguu, ambapo F-150 humpa 43.6. Mwenye kuzicheka anasa hizi akumbuke kuwa mafundi wengi hukaa humo saa nyingi kuliko wakaavyo mezani kwao, na kwamba kwa jamaa nyingi gari la kazi ndilo gari la watoto pia.

Lakini raha haimo katika ngozi ya kiti peke yake. Siri kubwa i chini ya bodi. Pikapu nyingi hubebwa nyuma na springi za bapa za chuma, zilizolazwa moja juu ya moja. Springi hizo ni hodari wa mzigo, ila gari likiwa tupu hubaki kakamavu, na kila shimo la njia hupeleka salamu zake kwenye uti wa mgongo. Ram, tangu muundo wake wa mwaka 2009, ilitiwa nyuma springi za kuviringishwa kama za gari dogo, ikapata upole usio wa kawaida kwa gari la mizigo. Atakaye kuijua tofauti hiyo asikae dukani akibonyeza godoro la kiti. Aliendeshe gari tupu katika barabara mbovu.

Upande wa mafuta, hesabu ina mtego. Wamarekani huhesabu maili kwa galoni, na galoni yao ni lita 3.785, ndogo kuliko ya Kiingereza. Mtu aendaye maili 12,000 kwa mwaka, akiacha gari la maili 15 kwa galoni akachukua la maili 20, huokoa galoni 200. Jirani yake akitoka maili 30 akafika 40, huokoa galoni 100 tu, ingawa kwa macho ndiye aliyeruka hatua kubwa zaidi. Basi mwenye pikapu nzito asidharau nyongeza ya maili mbili tatu.

Viwanda vimezitafuta maili hizo kwa njia mbalimbali. Mwaka 2015 F-150 ilivikwa bodi ya alumini, uzito ukapungua hata ratili 700. Chevrolet Silverado ya mwaka 2020, yenye injini ya dizeli ya lita 3.0 na kusukumwa na magurudumu mawili, iliandikiwa maili 33 katika barabara kuu na 23 mjini. F-150 ya mwaka 2021, ambayo injini yake ya petroli husaidiwa na mota ya umeme, iliandikiwa wastani wa maili 25. Kwa msafiri wa mbali dizeli ina haki ya kutangulia, ijapokuwa bei yake huko mara nyingi hupita ya petroli. Tarakimu zote hizi hupimwa maabarani, magurudumu yakizungusha roli bila shehena. Afungaye tela nyuma asizitazamie.

Ford Maverick ya mwaka 2022, ndogo, isiyo na chesisi ya pekee, nayo ikisaidiwa na umeme, iliandikiwa wastani wa maili 37 na kuruhusiwa kubeba ratili 1,500. Ndani yake mna plastiki ngumu mahali pengi, na mtu mrefu akiketi nyuma magoti humwelemea aliye mbele. Watoto wawili hukaa humo vizuri, na saruji ya fundi hutosha nyuma.