Pasta, Omba Daktari Asione

Leo sina mafundisho marefu. Nina jambo limenikaa kifuani tangu Jumatano, na nimeona nikuandikie, hasa wewe kijana unayengoja siku ya usajili wa jeshi, na wewe mzazi ambaye tayari unamwita mwanao askari.

Jumatano baada ya maombi kijana mmoja wetu alinifuata mpaka kwenye pikipiki yangu. Akangoja wamama wapite. Akasema, "Pasta, niombee daktari asione."

"Asione nini, mwanangu?"

"Mgongo."

Huyu kijana anabeba mizigo mpakani Busia, mwaka wa tatu sasa. Wewe wa Matayos unajua kazi hiyo. Gunia la mahindi la kilo 90 linashushwa kwenye lori, linatua begani, na mtu anatembea nalo mbio mbio kwa sababu analipwa kwa hesabu ya magunia. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka kwenye tako, nyuma ya paja, mpaka kwenye ndama ya mguu. Sasa vidole viwili vina ganzi. Asubuhi anavaa soksi akiwa amelala. Anameza dawa za maumivu za dukani, na bado kila alfajiri anakimbia na begi lenye mawe mgongoni, kwa kuwa mtu alimwambia hivyo ndivyo askari wanavyojiandaa.

Mpendwa, ombi hilo sikuliomba. Nitakwambia kwa nini, ingawa hadithi yenyewe hainipi sifa.

Miaka iliyopita, nikiwa mchungaji kijana niliyetoka chuo cha Biblia nikiwa na moto mwingi kuliko hekima, kijana mwingine aliniletea ombi kama hili. Alikuwa anakwenda mafunzo ya kikosi kimoja, sitasema kipi. Nilimwekea mikono, nikaukemea mgongo, nikamwambia asikiri maumivu mbele ya mtu yeyote maana kukiri ni kukosa imani. Akanyamaza kama nilivyomwagiza. Akapita usajili, tukamshangilia kanisani. Baada ya miezi michache alirudi akitembea kwa fimbo. Mama yake hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kuniletea mayai ya kienyeji kila Krismasi, na mayai yale yalinihubiri kuliko mahubiri yoyote.

Sasa usiniambie nimepoa kiroho. Naamini uponyaji, nimeuona kwa macho yangu. Lakini soma tena habari za Hezekia katika Wafalme wa Pili 20. Neno la kwamba atapona lilikuwa limekwisha kutoka kwa Mungu, na bado Isaya akaagiza waletewe tini zibandikwe kwenye jipu. Nabii mwenyewe! Hakuona kwamba tini zinamwaibisha Mungu.

Nimeuliza wanaojua, nikaelezwa hivi. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Katikati yake kuna diski, laini ndani na ngumu kwa nje, kama mto mdogo wa kupokea mshtuko. Mzigo mzito unaobebwa vibaya kila siku unaweza kuichosha diski ikatokeza nje na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo maana mtu anaumwa mguu na shida iko kiunoni.

Siku ya usajili uwanjani wanapima urefu, mita 1.60. Wanapima uzito, kilo 54.55 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Wanaangalia macho, meno, nyayo. Unakimbia. Diski iliyotokeza hawaioni kwa macho, na ukikaza meno unaweza kuwapita. Lakini mbele kuna shule ya makuruti kule Eldoret: kwata, shanta mgongoni, bunduki mkononi, kuruka vizuizi na kutua kwa miguu yote miwili, kulala kidogo, kesho tena. Mtu aliyeumia kabla yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuumia tena, na pale hakuna atakayekupunguzia mzigo kwa maumivu uliyoyaficha. (Na wewe mzazi unayetafuta "mtu wa ndani" wa kumpa pesa: usajili ni bure. Peleka pesa hiyo kwa daktari wa mgongo.)

Sikutishi. Maumivu mengi ya mgongo hupoa ndani ya wiki chache, na kulala kitandani siku nzima hakusaidii. Tembea, fanya kazi nyepesi. Anayejiandaa aongeze mbio na uzito kidogo kidogo, wiki hadi wiki, na akaze misuli ya tumbo na mgongo kabla ya kujitwika mawe. Lakini ukiona miguu yote miwili inalegea, au sehemu unayokalia imekufa ganzi, au mkojo na choo havikutii, usingoje Jumapili tukuombee. Nenda hospitali usiku huo huo, nitaomba ukiwa njiani. Na mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, upimwe kifua kikuu. Kinaingia hata kwenye mifupa.

Gideoni alikuwa na watu 32,000. Elfu ishirini na mbili walisema ukweli kwamba wanaogopa, wakarudi nyumbani, na sijasoma mahali popote kwamba Mungu aliwafuata na laana.

Jana Jumatatu nilimpeleka kijana wetu hospitali ya rufaa ya kaunti pale Busia. Tulikaa kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Daktari, binti mdogo tu, alimlaza chali akainua mguu wake ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu, kijana akashika ukingo wa kitanda. Ameambiwa aache magunia, aanze mazoezi ya tiba ya viungo, arudi baada ya wiki sita.

Tukiwa njiani akaniuliza, "Pasta, na wakitangaza usajili kabla ya hizo wiki sita?"

Ana miaka 25. Mwisho wao ni 26. Sikuwa na jibu, na sikujifanya ninalo. Nilimwambia tu kwamba wakimuuliza kuhusu mgongo, awaambie, nami nitakuwa nje ya uwanja nikimngoja, wamchukue au wasimchukue.

Sasa anahitaji kibarua kisichokuwa cha kubeba. Mwenye duka, mwenye kituo cha mafuta, mwenye shamba anayehitaji mtu wa kuhesabu na kuandika: kijana ana kidato cha nne na mwandiko mzuri. Niandikie faraghani, jina lake sitalitaja hapa. Na kama wewe pia una mgongo unaoficha, kliniki ijayo nakwenda naye kwa pikipiki, na nyuma bado kuna nafasi ya mmoja.