Ngeli ya Mashine Isemayo

Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba nomino 'mashine' imo katika ngeli ya I-ZI. Hata hivyo, nawasikia wenzangu wa uzamili wakizitaja programu za mazungumzo hivi: "Ameniambia", "amekosea", "hebu muulize". Kiambishi kimehama kimyakimya, na uhamaji huo, kwa maoni yangu, unatuhusu sisi wa fasihi sawa na unavyowahusu wahandisi.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA, jina la muuza maua katika tamthilia ya Bernard Shaw, Pygmalion, anayefunzwa kusema kama mabibi wa tabaka la juu. Programu hiyo iliigiza mtaalamu wa saikolojia. Haikuelewa lolote. Ilisaka neno muhimu katika sentensi, ikageuza nafsi, kisha ikamrudishia msemaji maneno yake kama swali. Kwa Kiswahili ingetosha kubadili viambishi: "Ninamwogopa mama yangu" ingerudi "Kwa nini unamwogopa mama yako?" Ni- imekuwa u-, -angu imekuwa -ako, basi. Lakini katibu wake, aliyeishuhudia kazi hiyo kwa miezi mingi, alimwomba Weizenbaum atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani! Weizenbaum alifadhaika. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1976 alishikilia kwamba zipo kazi ambazo tarakilishi haifai kupewa, hata ikiziweza.

Huenda msomaji akauliza: je, sungura na fisi hawajasema katika ngano zetu tangu jadi? Wamesema, ila kwa mapatano. Fanani hutamka "Paukwa!", hadhira ikajibu "Pakawa!", na hakuna anayedanganywa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka watu waarifiwe wanapozungumza na mashine. Nayo, kwangu, ni paukwa ya aina yake. Tatizo ni kwamba yule katibu alikwisha kuarifiwa.

Ndiyo maana ningependa waundaji waziondolee programu zao kauli kama "ninakuhurumia", kwa kuwa ni- hiyo haina mwenyewe. Mwenzangu mmoja anapinga: ni- ya msimulizi wa riwaya nayo, asema, haina mwenyewe. Namjibu kwamba riwaya ina jina la mwandishi jaladani, tena haijawahi kuniuliza habari za mama yangu. Tungali tunabishana.