Kamera Mbili na Amana ya Sura

Kamera ni jicho la kuazima. Jicho la mtu huona na kusahau. Kamera huona na kuweka. Kwa sababu hiyo aliyeishika hubeba amana ya watu wengine, na uchaguzi wa kamera, ambao kwa nje hufanana na uchaguzi wa kofia au viatu, kwa ndani ni uchaguzi wa namna ya kutunza amana. Mwenye fedha ya kununua kamera kumi hana haja ya kufikiri sana. Mwenye fedha ya kununua moja hana budi kufikiri.

Utemini ni kata ya mji wa Singida, katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania. Jina lake lina mwangwi wa utemi, mamlaka ya kale yaliyofutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1963. Mamlaka huenda, majina hubaki, lakini sura hazibaki ila kwa picha. Zipo nyumba ambamo picha moja ya babu, iliyofifia katika fremu ya mbao, ndiyo ushahidi pekee wa paji la uso ambalo wajukuu wamelirithi bila ya kujua limetoka wapi. Mpiga picha wa mahali kama hapa huitwa arusini, ubatizoni, mahafalini na msibani. Hafanyi kazi ya anasa. Huandika daftari la ukoo kwa nuru badala ya wino.

Mbele ya mpiga picha mmoja wa kata hiyo ziliwekwa kamera mbili zilizokwisha kutumika, zote za kampuni ya Fujifilm ya Japani. Ya kwanza ni X-Pro2, iliyotangazwa Januari 2016; ya pili ni X-E3, iliyotangazwa Septemba 2017. Zote mbili zimekwisha kupitwa na wadogo zao, X-Pro3 ya mwaka 2019 na X-E4 ya mwaka 2021. Lakini chombo hakizeeki siku ile ndugu yake anapozaliwa. Aliambiwa achague moja.

Nasaba ya kamera hizi ni ndefu kuliko umri wao. Leica, kamera ndogo ya Ujerumani iliyotumia ukanda wa sinema, iliingia sokoni mwaka 1925, na ile yenye sifa kubwa, Leica M3, ilitoka mwaka 1954. Kamera za namna hiyo zilipima masafa kwa madirisha mawili. Kitu kimoja kilionekana katika sura mbili, moja kutoka kila dirisha. Mpiga picha alizungusha lenzi mpaka sura mbili zikawa moja, ndipo akajua kwamba umbali umepatikana. Elimu hiyo ni ya pembetatu, ile ile itumiwayo na wapima ardhi. Epson R-D1 ya mwaka 2004 na Leica M8 ya mwaka 2006 ziliitia katika zama za dijitali. X-Pro2 na X-E3 hazipimi hivyo. Masafa yake hupimwa na kihisi cha nuru chenyewe. Zimerithi umbo na adabu: mwili bapa usio na nundu, magurudumu ya kuzungusha kwa kidole, na kidirisha cha kutazamia kilichowekwa pembeni kushoto. Wala hakuna ndani yake kioo cha kuruka juu na kushuka kama katika kamera kubwa za zamani.

Haki yataka kwanza yasemwe yale yaliyo sawa, maana mengi yanayogombewa na wauzaji hayana tofauti. Kihisi cha nuru cha kamera hizi ni kimoja kwa aina, chenye pikseli milioni 24.3. Lenzi ya moja huingia katika nyingine bila ya ugomvi. Betri ni ya namna moja. Picha mbili za mtu mmoja, zilizopigwa kwa lenzi moja na katika nuru moja, zikiwekwa mezani, mtazamaji hawezi kusema ipi ni ya nani. Basi anayetafuta uzuri wa picha katika tofauti ya kamera hizi anatafuta maji juu ya jabali. Tofauti zipo mahali pengine: katika kuona, katika kuvumilia na katika kuhifadhi.

Katika kuona, X-E3 ina kidirisha cha umeme tu. Mpiga picha huona skrini ndogo yenye nukta milioni 2.36, na skrini hiyo humwonyesha picha kama itakavyokuwa. X-Pro2 ina kidirisha cha namna hiyo hiyo, na zaidi ya hayo, kwa kugeuza kishikizo kilicho mbele, hufunguka kidirisha cha kioo kitupu. Hapo hutazama dunia yenyewe, na mstari mweupe humwonyesha mpaka wa picha. Kidirisha cha umeme humpa mtu yaliyomo ndani ya mpaka tu. Kidirisha cha kioo humpa yaliyomo na yanayokuja: mtoto anayekimbilia kwa bibi arusi, mkono unaoinuka kupangusa chozi, mgeni anayetaka kupita katikati. Ajionaye njia yote hakwazwi na jiwe la ghafula.

Walakini kioo kitupu kina udhaifu wake. Kwa kuwa hakipiti katika lenzi, vitu vya karibu sana huonekana kwacho mahali pasipo pake kamili. Tena hakimwambii mpiga picha kama nuru imetosha. Na nuru ya Singida ni mtihani mkubwa. Jua la kiangazi ni kali, kingo za maziwa ya chumvi, Singidani na Kindai, hung'aa kwa weupe, na majabali hurudisha mwanga. Kipimo cha kamera hutafuta wastani; kikiona weupe mwingi hupunguza nuru, na uso mweusi uliovaa kanzu nyeupe huzama gizani. Jambo hili lina historia ya uchungu. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak iligawa kadi za kusawazishia rangi, zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ikafanywa mizani, na ngozi nyingine zikapimwa kwayo. Kidirisha cha umeme ni dawa ya sehemu ya dhuluma hiyo, maana mpiga picha huona kosa kabla ya kulitenda, akaongeza nuru kwa gurudumu la juu. Dawa hiyo imo katika kamera zote mbili. Tofauti ni kwamba mwenye X-Pro2 anaweza kuisahau, na mwenye X-E3 hawezi.

Katika adabu kamera hizi ni sawa, na yafaa zisifiwe pamoja. Mpiga picha yule alimwendea bibi mmoja mzee aliyeketi kivulini, akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Niambie basi, nikutazame wewe au nikitazame chuma chako?" Akajibiwa, "Nitazame mimi, bibi." Jibu hilo lisingekuwa kweli kama kamera ingekuwa kubwa, yenye kidirisha katikati, inayofunika uso wote. Kidirisha cha pembeni huacha jicho moja na kinywa wazi. Anayepigwa picha humwona mtu, na mtu akimwona mtu sura yake hutulia.

Katika kuvumilia, X-Pro2 yashinda. Mwili wake umezibwa katika sehemu 61 ili vumbi na matone ya maji yasiingie, na ikivishwa lenzi iliyozibwa vivyo hivyo, yaweza kufanya kazi katika upepo wa kiangazi. X-E3 haikuzibwa. Mwenyewe atapaswa kuifunga kwa kitambaa, kuifungua kwa haraka, na kutobadili lenzi barabarani. Lakini X-E3 nayo ina fadhila ya wepesi: uzito wake pamoja na betri na kadi ni gramu 337, na wa mwenzake ni gramu 495. Katika siku ya arusi inayoanza alfajiri na kwisha usiku, gramu hizo 158 shingo huzihesabu moja moja.

Katika kuhifadhi ndipo lilipo jambo zito. X-E3 ina nafasi ya kadi moja ya kumbukumbu. X-Pro2 ina mbili, na yaweza kuamriwa iandike kila picha katika zote kwa wakati mmoja. Kadi ni kitu kidogo. Hufa bila ya kuugua, wala haitoi taarifa. Kiapo cha arusi hakirudiwi kwa ajili ya mpiga picha. Maiti hafufuliwi akatazamwe tena. Mtu anayejipigia picha zake, kadi ikifa, hupoteza mali yake. Anayewapigia wengine hupoteza mali ya watu, na hana cha kuwalipa kinacholingana nayo.

Yabaki suala la bei. Zilipotoka, X-Pro2 bila ya lenzi iliuzwa dola 1,699 za Marekani, na X-E3 dola 899. Zikiwa zimetumika bei zake zimeshuka, lakini kamera kubwa bado hudai zaidi kuliko ndogo. Tofauti hiyo yaweza kununua lenzi, au karatasi za kuchapia picha, na picha iliyochapwa huishi ukutani wakati simu zimekwisha kubadilishwa mara tano. Hoja hii ina nguvu, na mwanafunzi wa sanaa, msafiri au mtu anayejifurahisha ataifuata bila ya lawama. X-E3 itamfunza kila kitu anachotaka kujua, na haitamwelemea.

Lakini mpiga picha wa Utemini si wa kundi hilo. Karatasi hutunza picha iliyofika nyumbani. Haiwezi kutunza iliyopotea njiani. Kwa hiyo alichagua X-Pro2 pamoja na lenzi moja tu, akaahirisha nyingine. Hakuichagua kwa kidirisha chake cha kioo, ijapokuwa ndicho kinachosifiwa zaidi, wala kwa jina lake. Aliichagua kwa ile nafasi ya pili ya kadi, ambayo haionekani mpaka mlango mdogo ufunguliwe. Chombo cha anasa hupimwa kwa furaha inayompa mwenyewe. Chombo cha amana hupimwa kwa hasara inayowaepusha wengine.