Kikapu cha Likizo Kisiwani Mvita

Kwetu sisi watu wa Kinakomba, ambao mashamba yetu yameungana na ukingo wa Mto Tana si mbali na Hola, likizo ilikuwa aghalabu ni safari ya kwenda kisiwani Mvita kwa jamaa aliyetangulia kupata kibarua bandarini au kazi relini, na safari hiyo ilikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyethubutu kuihalifu: mgeni haendi mikono mitupu, wala harudi mikono mitupu. Tulikwenda na maembe yaliyofunikwa kwa majani, mikungu ya ndizi, mchele wa bondeni uliotwangwa kinuni, asali katika chupa iliyozibwa kwa gunzi, na kambare waliokaushwa kwa moshi ambao harufu yao ilitutangulia kuingia ndani ya basi. Tulirudi na sukari, chumvi, majani ya chai, miche ya sabuni na mafuta ya kupikia ya kopo. Mzigo wa kwenda ulitoka mtoni na mzigo wa kurudi ulitoka dukani, na mtu akitaka kujua hali ya nyumba yetu mwaka ule, ilimtosha kuulinganisha wa kwanza na wa pili.

Njia ilikuwa ndefu kuliko masafa yake. Kutoka Hola hadi Garsen, na kutoka Garsen hadi Malindi, ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na masika yakizidi basi halikuja kabisa. Kilifi hapakuwa na daraja mpaka mwaka 1991, basi abiria walishuka wakangoja pantoni huku vijana wakiwauzia korosho katika vifurushi vya karatasi. Na mlangoni mwa kisiwa palikuwa na lile daraja la kuelea la Nyali, la tangu mwaka 1931, ambalo lilitikisika chini ya magurudumu hata bibi yangu akawa hasemi neno mpaka alivuke. Mwaka 1980 lilijengwa daraja la zege, na bibi akaanza kuzungumza njia nzima.

Mjomba wangu alikaa Majengo, na asubuhi ya pili baada ya kufika kwetu ndiyo iliyokuwa asubuhi ya mahitaji. Alinikabidhi kikapu cha ukindu tukaenda kwa miguu hadi Marikiti, soko ambalo Waingereza walilijenga mwaka 1914 na kulipa jina la Mackinnon, jina ambalo wenyeji hawakuwahi kulichukua midomoni. Ndani mlikuwa na giza la ubaridi lililochanganyika na harufu ya iliki, bizari na nanasi lililoiva kupita kiasi, na wauzaji walituita kwa majina ya heshima ambayo hatukuyastahili. Kutoka hapo tulikwenda duka la Mshihiri mmoja katika kichochoro, tukasimama mbele ya meza ndefu ya mbao, na kila tulichokitaka kilikuwa nyuma ya mwenye duka, kwa hivyo hatukuweza kukipata ila kwa kukitaja. Mjomba alisalimu, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu kwa ukamilifu, akauliza naye habari za watoto wa mwenyewe, na baada ya hapo ndipo sukari ilipotajwa. Iliteremshwa kutoka guniani kwa kata ya bati, ikamiminwa katika karatasi ya kaki iliyokunjwa kama pembe, na mkono wa mizani ukashuka polepole mpaka mwenye duka akaridhika nao. Wazee wetu walisema ratili ilhali jiwe la mizani limeandikwa kilo. Kisha hesabu iliandikwa kwa kalamu ya risasi katika daftari lenye jalada jeusi, kwa kuwa mjomba hulipa mwisho wa mwezi.

Wapo wanaoikumbuka biashara ya namna hiyo kwa majonzi, na huniudhi kidogo, kwa sababu wengi wao walizaliwa upande ule wa meza uliokuwa na mizani, au angalau katika mtaa ambao mwenye duka aliwajua baba zao. Kwa mtu wa bara ya mto, ambaye lafudhi yake humtoa hadharani kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, hali ilikuwa nyingine. Bei ilimtazama mtu usoni. Mama yangu, alipokwenda peke yake kununua vitu vile vile siku moja na mjomba, alirudi amelipa zaidi na kupata pungufu, na alipolalamika, mjomba alimwambia, bila ya dhihaka, kwamba angelisema anatoka Majengo. Insafu ya duka lile ilikuwa kwa aliyejulikana. Asiyejulikana alipata salamu nzuri tu.

Kwa hivyo siku tulipoingia mara ya kwanza katika supamaketi, katikati ya miaka ya 1980, sikuhisi kwamba tumepoteza kitu. Maduka ya namna hiyo yalikuwa yameanza kuzoeleka nchini tangu serikali ilipoiasisi kampuni ya Uchumi mwaka 1975, kwa nia ya kuwafikishia raia bidhaa kwa bei ya wastani. Mlangoni tulipokewa kikapu chetu cha ukindu tukapewa kibati chenye namba, tukakabidhiwa kikapu cha waya, na mama akasimama katikati ya safu mbili za unga, mikono ameikunja, akingoja ahudumiwe. Alingoja kwa adabu muda mrefu. Nilipomwambia ajichukulie mwenyewe alinitazama kama niliyemwamrisha kuiba, kisha akanyoosha mkono, akaugusa mfuko wa unga, akaugeuza, akaisoma bei iliyobandikwa, akaurudisha, akauchukua wa pili akasoma bei yake, na wa tatu, mpaka alipoyakinisha kwamba yote imeandikwa bei moja na kwamba bei hiyo haikubadilika kwa kuwa ni yeye anayeitazama. Hakusema lolote. Lakini tangu siku ile hakumwomba tena mjomba amsindikize.

Iliyomthibitishia imani yake ni njaa. Mwaka 1984 mvua zilikosekana na nchi ikala mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, na katika miaka ile, ambapo bei ya unga, sukari na maziwa ilipangwa na serikali, bidhaa zilikuwa na tabia ya kutoweka kabla ya tangazo la nyongeza na kuonekana tena baada yake. Mwenye duka alisema sukari hakuna, na pengine ilikuwapo chini ya meza kwa ajili ya walio katika daftari. Rafu ya supamaketi haikuwa na chini ya meza: kitu kilikuwapo kikaonekana, au hakikuwapo na pengo lake likaonekana. Mama aliipenda rafu tupu isiyomdanganya kuliko duka lililojaa.

Udhibiti wa bei uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Yalikuja majina mapya kutoka Nakuru na kwingineko. Sakafu zikang'aa, vitu vikawa vingi hata mtu akasahau alichokijia. Majina hayo nayo yalipita. Uchumi ilifunga milango yake mwaka 2006 kabla ya kufufuliwa, na Nakumatt, iliyokuwa imetanda Afrika Mashariki, ilielemewa na madeni hata wadai wake wakaridhia ifungwe mwaka 2020. Mjomba alikwisha kustaafu wakati huo, na kila jina lilipoanguka alinikumbusha, kwa furaha ambayo hakuificha, kwamba duka la Mshihiri li wazi na mjukuu ndiye anayeandika daftari.

Nami nilikuwa na shaka zangu, ingawa hazikuwa za mjomba. Katika supamaketi moja ya kisiwani, ambayo sina haja ya kuitaja, bawabu alikuwa akizikagua risiti za wateja mlangoni, na nilisimama nikamtazama kwa makusudi: waliovaa tai walipita kwa tabasamu, na kinamama wa leso walisimamishwa mikoba yao ikafunguliwa. Macho yale ya kupima watu, ambayo zamani yalikuwa nyuma ya meza, yalikuwa yamehamia mlangoni, na bei iliyobandikwa haikuyafuta.

Humo humo niliyaona maembe ya kwetu. Yalikuwa yamepangwa katika trei, yamefunikwa kwa karatasi angavu, na juu yake pana kibandiko chenye mistari myeusi. Haikuandikwa yatokako, lakini yalikuwa ngowe, yenye ncha ile iliyopinda na rangi ile ya machungwa begani, na mtu aliyelelewa chini ya miembe ya Tana hahitaji maandishi. Bei ya matatu ilikuwa ni bei ambayo dalali hulipa kwetu kwa ndoo, naye huinunua miti ingali na maua, wakati mwenye shamba ana haja ya karo na hana pa kuyaweka matunda wala gari la kuyapeleka. Siku ile nilikuwa nimefika kwa jamaa zangu bila ya mzigo wowote, kwa kuwa basi siku hizi halipendi mizigo na vijana hawapendi harufu ya kambare; nilikuwa na simu yangu tu mfukoni, na pesa ndani yake. Nikanunua trei mbili nikampelekea shangazi. Alizipokea kwa shukrani, akalikata embe moja, akaonja, akauliza kama mvua imenyesha Kinakomba mwaka huu.

Siku hizi Hola pana maduka ya kujichukulia, si makubwa, lakini sukari ipo na bei yake imebandikwa, na hakuna anayeniagiza sukari nikiwa Mvita. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 nimerudia kikapu cha ukindu, na siku ya mwisho ya likizo simu za nyumbani humiminika zikiniagiza bizari na mdalasini wa Marikiti, halua, na leso za mtaa wa Biashara. Hakuna hata kimoja chenye kibandiko. Inanibidi nisalimu, niulizwe nitokako, nijibu kwamba natoka Kinakomba, na nikatae bei ya kwanza.